Bwana Chaza

Kazi yake ya kwanza mgodini Kolwezi ilikuwa kuosha karoti. Si za shambani: ndivyo watu wa migodi ya Katanga wanavyoziita zile nguzo nyembamba za mwamba zinazotolewa na mashine ya kutoboa ardhi. Alizipanga sandukuni, akazimwagia maji, malakiti, madini ya shaba, ikang'aa kijani. Kisha, wakubwa wakishaondoka, alizikagua upya. Shuleni alikuwa ameambiwa kwamba hapo palikuwa na bahari, na yeye bahari isiyo na makombe haikumwingia akilini.

Siku moja aliona doa la mviringo, akabandika karatasi: “Kombe.” Lilikuwa doa tu. Karatasi ilisomwa mbele ya kikosi kizima, na tangu hapo akawa Bwana Chaza.

Fundi mmoja mkongwe peke yake hakucheka. Alimwonyesha jiwe lenye mistari iliyokunjamana kama kabichi iliyokatwa.

“Baba, hii nini?”

“Hawa ndio waliokuwapo, mwanangu. Chaza walikuwa bado.”

Ilikuwa stromatoliti: utando wa vijidudu uliokamata matope, tabaka juu ya tabaka, katika maji ya kina kifupi. Miamba yenye shaba ya Kolwezi ina zaidi ya miaka milioni 700. Hata makombe ya kwanza yenye vipande viwili yalitokea yapata miaka milioni 500 iliyopita. Alikuwa anamtafuta mgeni kabla hajazaliwa!

Kombe lake alilikuta miaka mingi baadaye Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Wageni huulizia mifupa. Yeye aliinama kwenye mchanga uliotenganisha matabaka ya mifupa, uliojaa Indotrigonia, kombe la pembetatu lenye matuta. Maana yake bahari ilipanda, ikarudi, ikapanda tena. Ndugu wa makombe hayo wako Kachchh, India, kwa kuwa miaka milioni 150 iliyopita mkono wa bahari ulipita kati ya Afrika na India, iliyokuwa bado imeshikana na Madagaska. Leo ukoo huo umebaki katika bahari za Australia tu.

Moja lilikuwa limefumba vipande vyote viwili. Lilifukiwa upesi, kabla mawimbi hayajalitenganisha. Alilichora, akaliacha palepale.

Aliporudi Kolwezi, yule fundi mzee aliugeuzageuza mchoro, akauliza kama huko Lindi kombe hilo lina shaba.