Friji la bia la mtumba lilivyotaka kuvunja ndoa Ruvu

Wadau, haya mambo ya kununua vitu used kimya kimya bila kumwambia mwenzio yana gharama zake. Kuna dada mmoja pale Ruvu, upande wa Kibaha, jina kapuni. Kwao Rombo, kaolewa na kijana wa Kiluguru. Anapika mbege mpaka watu wanatoka Mlandizi kuifuata.

Shida ya mbege ni moja tu: haisubiri mtu. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, halafu unachanganya na uji wa kimea cha ulezi, wenyewe wanauita mso. Uchungu unatoka kwenye magome ya msesewe. Ikishachanganywa, kesho yake ndiyo tamu. Ikikaa zaidi na hili joto la Pwani inageuka siki. Sherehe ikiahirishwa, hasara yako.

Basi bwana, akasikia kuna baa Dar inafungwa na inauza friji la bia ya bomba. Ndani pipa la chuma na mtungi wa gesi, juu koki. Akalibeba kwa laki sita za kikoba, hela alizokopa akisema za mabati. Mume alikuwa safarini. Karudi, mabati hakuna, friji limesimama sebuleni.

"Mama watoto, hili ndilo bati?"

Hakufoka. Alinyamaza siku tatu nzima. Jamani, bora hata mwanaume anayefoka!

Friji nalo likaleta vituko vyake. Kwenye kenta lilikuja limelazwa, fundi akasema lisimame mpaka kesho ndiyo lichomekwe, ili oili irudi kwenye kompresa. Raba ya mlango akaipima kwa karatasi: unafungia karatasi mlangoni, ikivutika kirahisi ujue baridi inatoka. Ilivutika. Mipira ilinuka bia ya zamani, ikatupwa, ikawekwa mipya. Kila maungio ya gesi akapaka povu la sabuni, na pale kwenye regyuleta mapovu yakachemka. Kumbe gesi ilikuwa inavuja. Ile ni kabonidayoksaidi, haiwaki moto, lakini ikijaa chumba kilichofungwa inamnyima mtu hewa bila yeye kujua. Na watoto walikuwa wanalala hapo hapo sebuleni! Siku ile ile friji likahamia kibarazani, penye upepo na kivuli.

Mbege ya kwanza ikaingia. Koki ikafunguliwa: tone moja, povu, kimya. Bia ya baa imechujwa ikachujika, mbege ina chenga za ulezi. Dada akakaa chini akalia. Marejesho ya kikoba yalikuwa Jumapili.

Hapo ndipo mume akafungua mdomo. "Niletee spana." Akatoa ule mrija unaofika chini ya pipa, akaukata kidogo ili usinyonye machicha. Usiku huo wakachuja pamoja kwa kitambaa, mara mbili, wakaiacha ituame kwenye ubaridi kabla ya kuimimina. Pipa hawakulijaza mpaka juu, na valvu ya kupumulia wakahakikisha inafanya kazi, maana mbege hata kwenye baridi inaendelea kuchachuka polepole. Ukiifungia bila pa kupumua, pipa linaweza kupasuka.

Wiki ile sherehe moja ya Soga ikasogezwa mbele siku mbili. Zamani ingemwagwa. Safari hii ilitoka kwenye koki ya baridi na ukali wake kidogo. Mzee mmoja wa kwao akaionja, akatikisa kichwa: "Ni mbege, ila imevaa suti." Akaomba nyingine.

Marejesho ya kwanza yamelipwa. Leseni ya vileo nayo anaifuatilia, maana sheria ya mwaka 1968 inaitaka hata kwa pombe ya kienyeji, na kuuza bila hiyo ni kuomba kesi. Ila mabati bado. Mvua ikinyesha, ndoo inawekwa pale pale sebuleni lilipokuwa friji.

Juzi mume kamwambia mbele ya fundi: "Friji nimelisamehe. Ule uongo wa mabati bado."

Dada hakujibu. Sasa wadau, angemwambia ukweli tangu mwanzo, mnadhani jamaa angekubali? Na kama angekataa, angefanyaje?