Kabla ya Kuamini Namba ya Mtafiti

Msimu wa kupandisha vyeo ukikaribia, wahadhiri huja maktaba kuniomba taarifa moja: makala waliyochapisha, mara ngapi yamenukuliwa, na kipimo chao cha h. Kuandaa taarifa hiyo ndiyo kazi yangu. Naipenda, na kwa kuwa naijua kwa ndani nasema wazi: namba zile peke yake zisiamue cheo cha mtu.

Kipimo cha h kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye makala 10 yaliyonukuliwa angalau mara 10 kila moja, h yake imefika 10. Kwa hiyo makala moja lenye bahati haliwezi kumbeba mtu, na hilo ni jema. Lakini h haiwezi pia kuzidi idadi ya makala uliyoandika. Mfano ni Erasto Mpemba: alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alipoona mchanganyiko wake wa maziwa, uliotiwa kwenye jokofu ungali moto, ukiganda kabla ya uliokuwa umepoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, nalo linaitwa kwa jina la Mpemba. Kwa makala hayo h yake ni 1, na haitaongezeka hata yakinukuliwa mara elfu.

Kinachonila muda zaidi, hata hivyo, ni majina. Pwani mtu hujitambulisha kwa jina lake, la baba na la babu. Hifadhidata za kigeni hulichukua la mwisho na kuliita la ukoo. Mhadhiri akitumia majina mawili mwaka huu na matatu mwaka ujao, kompyuta inamgawa kuwa watu wawili, na manukuu yake yanagawanyika naye. Kinyume chake pia hutokea: watu wawili waitwao Ali Juma, mmoja wa kilimo na mwingine wa sheria, wanaunganishwa kuwa mtafiti mmoja wa ajabu. Wanaoumia zaidi ni wanawake walioanza kuchapisha kwa jina la baba, kisha wakaolewa na kuchukua la mume. Miaka yao ya mwanzo huwa kama imefutwa. Ndiyo maana nawasihi vijana wajiandikishe ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, kabla ya makala yao ya kwanza. Jina likibadilika, namba inabaki.

Majina yakishakaa sawa, huja suala la ushirikiano. Programu huchora nukta zinazowakilisha watafiti na mistari inayowaunganisha, na kamati huvutiwa na mchoro wenye mistari mingi. Mimi huuliza mstari umetokana na nini. Mwaka 2015 makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yalitoka na waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, 24 zilikuwa za majina na taasisi zao. Kazi ile ilihitaji watu wote hao, lakini mstari baina ya wawili wao hauthibitishi hata kwamba waliwahi kuongea.

Katika utafiti wa afya nafasi ya jina kwenye orodha ya waandishi huzungumza. Kwa kawaida wa kwanza ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye aliyeiongoza. Watu wetu wengi wako katikati, ingawa ndio waliofuatilia vibali, wakazungumza na wazazi wa wagonjwa na kusimamia sampuli. Tena katikati ni afadhali: uchambuzi uliochapishwa na BMJ Global Health mwaka 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 13 ya makala ya utafiti wa afya barani Afrika ya 2014 hadi 2016 hayakuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi iliyochunguzwa. Hilo linaniudhi kila ninapolikumbuka.

Halafu kuna manukuu yenyewe. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye maambukizi makali, ulionyesha kwamba kuwatilia dripu nyingi kwa haraka kuliongeza vifo: takriban asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiotiliwa hivyo. Wapo wanaounukuu kutaka tiba ibadilishwe. Wapo wanaounukuu kusema matokeo yake hayahusu hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Wengine wanautaja kwa kupita tu. Kwenye hesabu kila mmoja wao huongeza moja tu.

Kwa hiyo siku hizi namwomba kila mhadhiri achague makala yake matatu. Ninasoma sentensi zinazoyanukuu na kuandika zinasema nini. Yeye anaeleza kwa maneno yake sehemu aliyoifanya, na nani ametumia matokeo: wizara, wodi, wakulima, walimu. Aliyetunga kamusi au mwongozo wa shule, ambao hifadhidata haziuoni kabisa, anauleta wenyewe mezani. Kurasa hizo ndizo za mwanzo katika taarifa ninayopeleka kwenye kamati. Kipimo cha h kipo pia, ukurasa wa mwisho, pamoja na jina la hifadhidata na tarehe niliyokitoa.