Sungura, Mskochi na Chatu

Kabla ya mwaka 1994, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Sisi watoto wa Nachingwea picha tulizifuata kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao mbichi, jenereta inanguruma uani. Msimu wa korosho watu walikuwa na hela, kibanda kikajaa hadi mlangoni. Usiku ulikuwa wa wakubwa na kareti zao. Mchana tuliwekewa katuni, na DJ akatutafsiria.

Alivyotafsiri, acha tu. Katuni moja tuliiomba kila mara, My Bunny Lies over the Sea, aliyoiongoza Chuck Jones wa Warner Bros. mwaka 1948. Jina hilo nimelijua ukubwani. Sungura, Bugs Bunny, anachimba njia chini ya ardhi kwenda Los Angeles, anapotea, anaibukia Uskoti. Anamkuta mwanamume aliyevaa sketi ya kwao akipuliza zumari la mfuko. Sungura anadhani ni bibi kizee anayeshambuliwa na dude, anakwenda kumwokoa, na zumari linaharibika. Ugomvi unahamia kwenye shindano la gofu.

DJ wetu Uskoti hakuitaja. "Bibi anakabwa na chatu! Sungura, muwahi!" Sungura mwenyewe hakuhitaji kutambulishwa, maana tulikuwa naye kila usiku kwenye hadithi, yule yule anayemwacha Fisi kwenye mataa. Tukamshangilia. Basi sungura akakosea na kibanda kizima kikakosea pamoja naye. Yule mtu aliponguruma kwa sauti nzito, DJ hakubabaika: bibi kapandwa na shetani. Kwenye gofu ndipo alipoonyesha ufundi. Nani kati yetu alikuwa ameona kiwanja cha gofu? Akasema wanawinda panya, kila shimo lina wake, na kile kijiti chenye bendera ni alama ya shimo lenye panya mnono. Kusini kwetu, ambako panya wa shamba ni kitoweo, hakuna aliyeuliza swali.

Siku moja alikuja mzee mmoja, askari wa zamani wa keya, jeshi la mkoloni Mwingereza, aliyepigana Burma, kumfuata mjukuu aliyetoroka kazi shambani. Akasimama mlangoni kidogo, fimbo mkononi. "Bibi gani? Huyo Mskochi. Na hilo si chatu, ni zumari lao, nimelisikia vitani." DJ akamwambia alipe kiingilio kwanza ndipo atafsiri. Tulicheka sana, tukambeza mzee wa watu, na ndiye pekee aliyeijua katuni ile.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1948 Waingereza walikuwa hapo hapo Nachingwea wakifyeka pori kwa mitambo, kwa ajili ya mradi wa karanga. Waliutazama udongo wetu wakaona mafuta ya kupikia. Mradi ulifutwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yakiwa yameteketea, na reli waliyoijenga kutoka Mtwara ikaja kung'olewa baada ya Uhuru. Mzee wa keya angeweza kutusimulia hayo pia, kama tungemwachia nafasi.

Ruangwa, iliyotengwa na Nachingwea ikawa wilaya mwaka 1995, ndiko ninakoishi sasa. Kanda zikaondoka, zikaja sidii, vikaja ving'amuzi. Vibanda vipo, ila ni vya mpira, hasa tangu timu ya Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019. Katuni zimehamia kwenye simu.

Mpwa wangu niliionyesha ile ya sungura kwenye simu yake, bando langu. Pale kwenye zumari, nilipojiandaa kucheka, alisogeza mbele. Mtu kuvaa sketi si habari kwake, ameshaona wengi mtandaoni. Alianza kucheka kwenye gofu, kwa sababu anaicheza kwenye simu na anajua sungura anaiba wapi. Mimi, niliyeitazama mara zote zile, sikuwa nimejua kwamba sungura anaiba. Nilikuwa nikingoja panya.

Nilipomweleza habari za panya na za yule mzee wa keya alicheka mpaka akaiweka simu chini. Halafu akairudisha video mwanzo, akazima sauti. "Haya mjomba, tafsiri. Na yule babu wa Burma umuingize."