Mfupi, Mrefu, Mnene: Sisi Watatu na Fundi wa Hamriya

Kuna mambo mengi tunayoonywa kabla ya kupanda ndege: baridi, joto, upweke, gharama za simu. Sijui mtu aliyeonywa kuhusu nguo. Nyumbani wengi wetu tumekulia kwa fundi. Unanunua kitambaa, unapimwa, unaambiwa rudi Alhamisi, Alhamisi unaambiwa rudi Jumamosi, lakini mwisho unapata gauni lililokatwa kwa ajili yako. Ama unakwenda mitumbani, unachambua, unajaribu gauni juu ya gauni pale pale sokoni. Ugenini tunakutana na namba na herufi. Unaulizwa saizi dukani, mtandaoni na kazini, na usipoenea kwenye saizi zao unaanza kudhani kasoro iko mwilini mwako.

Mimi ni muuguzi. Diploma niliisomea nyumbani Tanzania, shahada Uingereza, na sasa nafanya kazi hapa Muscat. Naishi Hamriya, mtaa wa magorofa ya zamani jirani na Ruwi, ambako ukitembea jioni utasikia Kihindi, Kibengali, Kiarabu na Kiswahili kabla hujafika kwenye duka la mkate. Tumepanga watatu, wote wauguzi. Mimi ni mtu wa Tanga, urefu wangu sentimita 150. Mwenzangu wa Eldoret ana sentimita 180 na ni mwembamba. Wa tatu ametoka Mombasa, ametuzidi umri na tunamwita Dada. Dada ni mnene, na anasema hivyo mwenyewe. Mfupi, mrefu na mnene, chini ya dari moja. Nguo ya mmoja wetu haimfai mwingine hata siku ya mvua.

Sare ya kazi

Hospitali tuliyoanzia kazi, ambayo sitaitaja, ilitoa sare kwa herufi nne: S, M, L na XL. S ilinikaa vizuri mabegani, lakini suruali ilinizidi kwa kiganja kizima, nikawa naikunja. Wodini, suruali inayoburura sakafuni si suala la urembo. Inaokota kila kilichomwagika, na kwenye ngazi inaweza kukuangusha. Wa Eldoret alipewa L ili apate urefu. Akapata upana asiouhitaji, na kila akinyoosha mkono kutundika dripu, blauzi ilipanda na mgongo kubaki wazi mbele ya ndugu wa wagonjwa.

Aliyeumia zaidi ni Dada. XL ilimtosha kifuani, lakini mikono ilimbana hata hakuweza kuinua viwiko. Aliporudi stoo alijibiwa mbele ya watu kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, hivyo apunguze mwili. Alicheka, kama anavyocheka siku zote. Sisi tunaoishi naye tuliona yaliyofuata. Alianza kuvaa sweta juu ya sare, mwezi wa sita, wakati joto la Muscat linapita nyuzi 40. Alianza kuomba abadilishiwe zamu zenye wagonjwa wa kunyanyuliwa, yeye ambaye mikono yake ni hodari kuliko yetu. Kisha akasema hataenda Mombasa kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yake, eti tiketi ni ghali. Tiketi alikuwa ameshainunua.

Jioni moja nilimkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi wanaokuja wodini. Mkanda wa kupimia presha una saizi zake: wa mtoto, wa mtu mzima, na wa mtu mzima mwenye mkono mkubwa. Ukifunga mkanda mdogo kwenye mkono mnene, mashine itasoma presha juu kuliko ilivyo. Ukifunga mkubwa mno kwenye mkono mwembamba, itasoma chini. Mtu anaweza kuandikiwa dawa asizozihitaji kwa sababu ya mkanda tu. Muuguzi akiona mkanda haufungiki, hamwambii mgonjwa akapunguze mkono kwanza ndipo arudi kupimwa. Anakwenda kuchukua mkanda mwingine. Nikamuuliza Dada kwa nini mkono wa mgonjwa uwe na haki hiyo na wake usiwe nayo. Hakunijibu. Ila Ijumaa jioni alikubali tuongozane kwa fundi.

Kikwapa

Hamriya ina mafundi kila kona. Wengi wametoka India, Bangladesh na Pakistan. Chumba kidogo, cherehani mbili tatu, pasi nzito, na nguo zimening'inia mpaka darini. Tulimkuta fundi anahudumia bibi mmoja wa Kiomani aliyekuja kuchukua magauni ya wajukuu. Dada alipoanza kutueleza kwa Kiswahili nini kinamsumbua, yule bibi akageuka.

"Shikamoo, bibi," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Kwenu wapi?"

"Mombasa, bibi. Na huyu wa Tanga."

"Aa, watu wa nyumbani hawa."

Alizaliwa Unguja. Wako wengi hapa kama yeye, waliokuja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Aliichukua blauzi ya Dada, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini ya mkono.

"Hii haina kikwapa," akasema. "Kanzu za zamani fundi akitia kikwapa hapa, na taharizi ubavuni. Mtu anasujudu, anapanda baiskeli, kanzu haipasuki. Hizi za kiwanda wanaunga tu."

Kwa asiyejua: kikwapa ni kipande kidogo cha kitambaa kinachoshonewa chini ya kwapa ili mkono uinuke bila kuvuta nguo nzima. Taharizi ni kipande kirefu cha ubavuni kinachoongeza upana kuelekea chini. Mimi maneno haya nilikuwa sijawahi kuyasikia, na mama yangu alikuwa na cherehani. Bibi akamweleza fundi kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kihindi, huku akichora kwa kidole kwenye meza. Fundi akaelewa mara moja. Alipotaka kumpima Dada nyonga, bibi akamzuia.

"Mwambie akupime umekaa. Nguo ya kusimama tu ni ya lile sanamu la dukani."

Rangi ya sare ilikuwa ngumu kupatikana madukani. Lakini mimi nilikuwa na kiganja kizima cha suruali kinachokatwa kila mguu. Vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa vikwapa vya Dada. Wa Eldoret aliomba kubadilishiwa L yake kwa M, tukampata kitambaa kinachokaribiana rangi huko Ruwi, fundi akaongeza ukanda mpana chini ya blauzi. Ukiangalia unaona ni ukanda, lakini umekaa kama pambo. Gharama yetu sote watatu haikufika bei ya sare moja mpya. Mkuu wetu wa wauguzi alipoona, alitaka kujua tu ni fundi gani.

Namba zilikotoka

Nikapata hamu ya kujua nani aliyepanga saizi hizi tunazozilia. Marekani ilifanya upimaji mkubwa miaka ya 1939 na 1940. Wanawake takriban 15,000 walipimwa, kila mmoja vipimo 59. Hata hivyo, vipimo vya wanawake wasio weupe havikuingizwa kwenye hesabu ya mwisho. Kutokana na kazi hiyo serikali yao ilitoa kiwango cha saizi mwaka 1958, na mwaka 1983 ikakifuta. Tangu hapo kila kampuni hujipangia. Ndiyo maana gauni la 12 la duka hili linakuenea na la 12 la duka jirani halipandi mapajani. Pia 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Mwili ni ule ule, namba tatu.

Nguo za saizi kubwa nazo zina kisa chao. Viwanda vingi hukata kielelezo kimoja cha mwili mdogo, kisha hukikuza kila upande. Lakini binadamu akinenepa mifupa ya mabega haitanuki pamoja na tumbo. Ndiyo maana Dada akipata gauni linalomtosha nyonga, shingo inamwanguka begani.

Huku Ghuba abaya zina mtindo wao. Namba yake, 52, 54, 56, 58 au 60, ni urefu kwa inchi kutoka begani hadi pindoni. Angalau inakwambia kitu unachoweza kukihakiki kwa futi kamba. Haikwambii upana. Mfupi mnene akichukua 52 huenda ikambana, na mrefu mwembamba wa 60 huenda akaogelea ndani. Na tazama wanaume wa hapa: kabla ya Idi wanapanga foleni kwa mafundi kupimwa dishdasha, shingo, bega, mkono, urefu. Hakuna anayemwambia mwanamume ajikate ili dishdasha imtoshe.

Yaliyotufaa

Kwa wafupi wenzangu: saizi za wafupi ambazo nilizikuta Uingereza zikiitwa petite hazina maana ya wembamba. Zimekusudiwa kwa kawaida wenye urefu chini ya sentimita 163 hivi, na bega, kiuno na goti la nguo vimepandishwa juu. Mfupi mnene ana haki nazo pia. Ukinunua suruali ya kawaida na kukata pindo tu, goti la suruali linabaki kwenye muundi wako. Bora suruali iliyonyooka, ambayo goti lake halionekani, kuliko iliyobana gotini na kutanuka chini.

Kwa warefu: geuza nguo utazame pindo kabla hujalipa. Pindo lenye akiba ya sentimita nne au tano linaweza kushushwa. Lililokunjwa kidogo halina msaada. Usipande saizi kutafuta urefu, maana utaongezewa upana. Mikono mifupi ifanye robo tatu kwa makusudi, na itaonekana kama ulivyotaka.

Kwa wanene: nunua nguo inayokaa vizuri pale ulipo mpana zaidi, kisha fundi apunguze kwingine. Kupunguza ni rahisi, kuongeza ni kazi. Inua mikono, kaa, inama, kabla ya kusema imenitosha. Dera ni zuri na lina hewa, lakini lisiwe mahali pa kujificha mwaka mzima.

Kwa wote: mabega ndiyo magumu kurekebishwa. Pindo, kiuno na urefu wa mikono fundi anavimudu. Mwanafunzi uliye Ulaya au Amerika, ambako fundi ni ghali, jifunze kukunja pindo kwa mkono. Sindano na uzi vinaingia kwenye begi lolote.

Na mkituma nguo nyumbani, msiulize "unavaa saizi gani." Mwombe mama atandaze kitandani gauni analolipenda, apimiwe kwapa kwa kwapa na bega hadi pindo, akutumie namba. Au tuma kitambaa, fundi wa mtaani atamaliza.

Vipimo sita uwe navyo kwenye simu: kifua, kiuno, nyonga ukiwa umekaa, mzingo wa mkono wa juu, bega hadi chini, na mguu kwa ndani. Andika kwa sentimita na tarehe. Inchi moja ni sentimita 2.54, usije ukachanganya pande za futi kamba.

Neno la mwisho ni kwa wazazi

Dada alienda Mombasa. Alivaa gauni la lesi la rangi ya zambarau, lililoshonwa hapa hapa Hamriya, na kwenye video anaonekana akicheza mikono ikiwa juu. Sisemi uzito si kitu. Mimi ni muuguzi, najua kisukari na presha vinavyofanya kazi, na Dada mwenyewe anapima sukari kila mwezi. Lakini afya hupimwa kliniki. Chumba cha kujaribia nguo hakina mashine ya kuipima.

Nyumbani "umenenepa" mara nyingi ni pongezi. Shangazi anakusifu kwamba umetulia, unakula. Watoto wetu wanaokulia huku hawaisikii hivyo. Neno hilo hilo likitoka kwenye simu mbele ya binti wa miaka 13, yeye anasikia kile kile anachokisikia shuleni. "Mfupi kama kisoda" na "twiga" nazo ni hivyo hivyo. Tunaweza kuwaambia wakubwa zetu, kwa adabu, wamsifu mtoto kwa lingine.

Na kijana akianza kuvaa sweta wakati wa joto, au akigoma kwenda kuogelea na wenzake, usianze na chakula. Chukua futi kamba, mpime, kisha tazameni pamoja kama nguo alizonazo ni zake kweli.