Mbona Tunamlaani Kijana Anayehama?

Simu ililia saa nne za usiku, mwanzoni mwa Mei 2023. Nilipoona kwamba imetoka Marekani, moyo ulinipasuka. Msomaji aliye na ndugu ng'ambo ananielewa. Simu ya usiku kutoka huko mara nyingi haiji na habari ya kuchekesha. Upande wa pili alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

"Mjomba, ameenda Kansas," akasema.

"Nani? Mama yako?"

"La, Mjomba. Hunter."

Nikashusha pumzi. Hapakuwa na maiti wala ajali. Aliyeondoka alikuwa kijana wa futi saba na inchi moja aitwaye Hunter Dickinson, mchezaji wa mpira wa vikapu. Alikuwa ameiaga timu ya Michigan na kutangaza kwamba msimu ambao ungefuata angevaa jezi ya Chuo Kikuu cha Kansas.

Huenda wewe unacheka na kuuliza, je, mchezaji wa chuo akihama, hilo nalo ni la kumtoa mtu machozi? Kwetu hapa michezo ya vyuo hutazamwa na wanafunzi wenyewe na labda wachuuzi wawili watatu waliopita njia. Lakini huko Marekani mambo ni tofauti kabisa. Ukumbi wa Michigan, uitwao Crisler, una viti zaidi ya 12,000. Ule wa Kansas, Allen Fieldhouse, hubeba watu zaidi ya 15,000. Babu huja na mjukuu, wote wamevaa rangi za chuo, na babu anaweza kukusimulia mchezaji aliyemwona akiwa kijana miaka 50 iliyopita. Wengine wanaoshangilia kwa sauti kubwa hawajawahi kukanyaga darasa la chuo hicho. Ni timu ya mji wao, basi, na hawana nyingine.

Huyo Dickinson hakuwa mchezaji wa kukaa benchi. Alijiunga na Michigan mwaka 2020, na katika msimu wake wa kwanza timu ikaongoza ligi yao ya Big Ten, kisha ikafika robo fainali ya mashindano ya taifa, ambako ilishindwa na UCLA kwa pointi mbili tu, 51 kwa 49. Wakati huo ugonjwa wa Covid ulikuwa umefunga kumbi, na mpwa wangu, aliyekuwa bado shule ya upili, alimfuata kwenye televisheni. Alipoingia chuoni mwenyewe, alijiona kama amekwenda kuishi na ndugu. Kijana huyo mrefu alikuwa mcheshi na mtani, hodari wa kuwachokoza mashabiki wa timu nyingine, na kadiri walivyomzomea huko, ndivyo alivyozidi kupendwa Ann Arbor.

Kwa hiyo alipoondoka, pakazuka kilio. Wapo waliomshukuru kwa miaka yake mitatu na kumtakia heri. Lakini wengi walimwita msaliti, mwenye tamaa, kijana asiye na shukrani. Mpwa wangu naye hakubaki nyuma. Aliibandua picha ya Dickinson ukutani, kisha akamwandikia kijana huyo katika mtandao maneno ambayo siwezi kuyaweka katika ukurasa unaosomwa na watoto.

Sasa, ili tuelewe ghadhabu hii, ni lazima tujue sheria zilivyokuwa. Kwa miaka mingi, mchezaji wa vikapu aliyehama kutoka chuo kikubwa hadi kingine alilazimika kukaa nje msimu mzima. Angefanya mazoezi, angesoma, lakini siku ya mchezo angeketi kando akiwa na nguo za nyumbani. Wengi walioona hivyo waliamua kuvumilia walipo. Kocha, kwa upande wake, hakuwa na kifungo cha namna hiyo. Aliweza kumaliza msimu hapa, akachukuliwa na chuo kingine kwa mamilioni ya dola, na msimu uliofuata akasimama kule akipiga kelele kama kawaida, huku vijana aliowaahidi mengi sebuleni kwa mama zao wakibaki wakitazamana.

Mambo yalianza kubadilika mwezi Oktoba 2018, wakati NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo huko, lilipoanzisha daftari la kompyuta ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikishwa jina, na makocha wengine wakapata ruhusa ya kumtafuta. Mwaka 2021 shirika hilo likakubali mchezaji ahame mara moja bila ya kukaa nje. Mwaka huo huo, mwezi Julai, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa na wafanyabiashara kwa matumizi ya majina na picha zao. Mwaka 2024 kikomo cha kuhama kikaondolewa, mradi masomo ya mchezaji yawe sawa. Na tangu Julai 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja.

Kabla ya hapo alichopewa mchezaji kilikuwa karo, malazi, chakula na posho ndogo. Si haba, hasa kwa mzazi anayejua bei ya elimu. Lakini kumbi zilijaa, televisheni zililipa, na kocha akajenga nyumba ya kifahari. Aliyerusha mpira alirudi bwenini.

Dickinson mwenyewe alilisema jambo hili bila ya kulizungushazungusha. Katika mazungumzo yaliyotangazwa baada ya kuhama, alieleza kwamba msimu wake Michigan hakufikisha dola 100,000, na kwamba hao wanaomchukia wangeacha kazi zao mara moja wakiongezwa dola 10,000. Maneno hayo yalizidisha hasira. Mpwa wangu alinitumia, akitaka nikubali kwamba kijana huyo ni mroho. Nilimwambia kwamba jambo hilo akamwulize mama yake.

Nilijua nilichokuwa nikisema. Dada yangu ni muuguzi. Mwaka 2009 alikuwa akifanya kazi katika hospitali moja jijini Nairobi, na alikuwa hapo kwa miaka minane bila ya kupandishwa cheo hata mara moja. Alipopata nafasi ya kwenda Marekani, alidhani wenzake wangemfanyia karamu. Badala yake, mmoja aliyekuwa rafiki yake wa karibu aliacha kumsalimia. Mwingine alimwambia mbele ya wagonjwa kwamba anakimbilia dola na kuwaacha watu wa kwao wafe. Siku ya mwisho alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazi na kikombe chake cha chai. Mimi ndimi niliyekwenda kumchukua. Katika matatu hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Mwanawe alikuwa na umri wa miaka sita. Yeye anakumbuka ndege tu, na theluji ya kwanza.

Basi siku hiyo kijana akamwuliza mama yake. Dada aliniambia baadaye kwamba hakumkaripia. Walikuwa wakila. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwacha asome yale maneno aliyomwandikia Dickinson, kisha akamwambia, "Hayo ndiyo niliyoambiwa mimi nilipoondoka. Na hiyo karo yako inatokana na kuondoka kwangu." Kijana akaweka kijiko chini. Usiku huo aliyafuta maneno yake, ingawa picha hakuirudisha ukutani.

Sikusimulia haya ili niwacheke mashabiki. Huzuni yao ina mizizi. Utamu wa michezo ya vyuo ulikuwa katika kumwona mtoto akikua. Anakuja akiwa na miaka 18, mwembamba, anapoteza mpira ovyo. Mwaka wa pili amepata misuli. Mwaka wa nne anashika kipaza sauti katika mchezo wa mwisho nyumbani, mama yake yuko uwanjani na shada la maua, na ukumbi mzima unalia naye. Sasa katika majira ya kuchipua ya mwaka 2025 pekee, wachezaji wanaume zaidi ya 2,000 wa daraja la juu waliandikisha majina yao katika daftari lile. Mtoto ananunuliwa jezi mwezi Desemba, kufikia Aprili mwenye jina hilo anavaa rangi nyingine. Huwezi kumwambia shabiki kwamba hajapoteza kitu.

Wala kuhama si asali tupu kwa mchezaji. Wapo walioacha nafasi yao wakitarajia kugombewa, na simu haikulia. Wapo waliopitia vyuo vitatu au vinne, na kila walipohama walikuta sehemu ya masomo yao haihesabiwi. Kijana anayeambiwa na mtu asiye mzazi wake kwamba "nenda tu, pesa ipo" anahitaji mtu mzima wa kumwuliza maswali mawili matatu kabla ya kutia sahihi.

Hata Dickinson hakukuta pepo. Kansas ni chuo chenye jina kubwa katika mchezo huu. Kocha wake wa kwanza, mwaka 1898, alikuwa James Naismith, yule yule aliyeubuni mpira wa vikapu mwaka 1891. Kansas ilitajwa kuwa nambari moja nchini kabla ya misimu yote miwili aliyocheza huko, lakini mara zote mbili ilitolewa mapema katika mashindano ya taifa. Mwezi Juni 2025, timu za ligi ya kulipwa ya NBA zilipochagua wachezaji wapya, jina lake halikuitwa. Kuna waliofurahi. Mimi niliona jambo jingine. Nafasi hizo hazizidi 60 kwa mwaka, kwa dunia nzima. Mchezaji mzuri wa chuo anaweza kuwa na miaka minne au mitano tu ambayo mwili wake una bei. Tutamwambiaje kwamba mavuno yake ayatoe sadaka ili sisi tufurahi Jumamosi?

Na Michigan je? Msimu baada ya kuondoka kwake walishinda michezo 8 na kushindwa 24, na kocha Juwan Howard akafutwa kazi mwezi Machi 2024. Akaletwa Dusty May, ambaye naye alikihama chuo cha Florida Atlantic, na akaja na mchezaji wake mrefu, Vladislav Goldin. Mwingine mrefu, Danny Wolf, alihama kutoka Yale. Msimu huo Michigan ikashinda michezo 27, ikanyakua kombe la mashindano ya Big Ten na kufika hatua ya timu 16 bora za taifa.

Mpwa wangu alishangilia hadi sauti ikamkauka. Mama yake, ambaye mpaka leo hajui tofauti ya faulo na kona, aliketi naye mbele ya televisheni akamwuliza, "Huyo Goldin ametoka wapi?"

"Florida."

"Na huko Florida, wao wanasemaje?"

Kijana hakujibu. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Anayetuacha ni msaliti, anayewaacha wengine na kuja kwetu ni shujaa. Mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wanaosoma haya wasijifanye hawanisikii.

Ombi langu si kwamba tusiumie. Tuumie, kwani asiyeumia hakupenda. Ila tusimtukane mtoto wa mtu kwa kufanya jambo ambalo tunamwombea mtoto wetu kila siku kanisani na msikitini, kwamba apate nafasi bora kuliko aliyo nayo. Naye anayeondoka ana deni lake. Awaage waliomlea, awashukuru kwa majina, asiwadhihaki akiwa mlangoni.

Mpwa wangu alihitimu mwaka 2025. Akapata kazi mbili. Moja ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwa mama yake, nyingine Texas, yenye mshahara mkubwa zaidi. Akachagua Texas. Dada yangu alinipigia simu, akalia kwa muda mrefu, nami nikamwacha alie. Kisha akaniambia kwamba ni lazima akate simu, maana unga wa chapati alikuwa ameshaukanda na kijana alikuwa anasafiri alfajiri. Alimfungia chapati 20.