Nilimwambia Asubiri

Kwa muda mrefu nimeilaumu India. Wengi hapa Bonga tunailaumu, na tuna haki yetu: Agosti 2017, mbaazi zikiwa ndiyo kwanza zinavunwa, serikali ya huko iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje, na bei huku kwetu ikaanguka hadi chini ya shilingi 200 kwa kilo. Lakini daftari langu la msimu ule linasema vingine. Sehemu kubwa ya hasara nilijitia mwenyewe, miezi kadhaa kabla ya tangazo hilo, nami nilikuwa nimesomea namna ya kuikwepa.

Chuoni nilisoma uchumi wa maamuzi ya biashara, na somo hilo nililifaulu. Mojawapo ya mada zake ni ile aliyoiita mwanauchumi Nicholas Kaldor, mwaka 1934, utando wa buibui: bei ikipanda msimu huu wakulima hupanda kwa wingi, msimu ujao mazao hufurika na bei huporomoka. Mchoro wake niliuchora kwenye mtihani. Kisha nikarudi nyumbani, nikakodi ghala kando ya barabara ya Babati kwenda Kondoa, nikaanza kununua mbaazi kama mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani.

India ilikuwa imepata mvua haba 2014 na 2015. Mbaazi zikaadimika kwao, bei ikapaa, nasi tukanufaika. Wakulima wa kule nao waliiona bei ile ile. Mwaka 2016 mvua ikawa nzuri, wakapanda kwelikweli, na mavuno yao yakakaribia tani milioni 5, karibu maradufu ya msimu uliotangulia. Wakati huo mimi nilikuwa nikipita kwenye mashamba ya Bonga nikikadiria mavuno ya majirani!

Mahindi ndiyo yaliyonidanganya. Mahindi huliwa na kila nyumba kuanzia hapa hadi Dar es Salaam. Ukiyanunua Julai ukayatunza vizuri, mara nyingi Januari utakuta bei imepanda, maana walaji wapo na maghala yanakwisha. Mbaazi tunazichanganya humo humo kwenye shamba la mahindi, basi nikadhani na soko lao ni moja. Pwani watu huzila asubuhi kwa mahamri. Sisi tunazilima ili tuziuze, na mnunuzi wetu mkubwa yuko ng'ambo ya bahari, ambako hata bei yake ya rejareja sikuwahi kuiulizia.

Hilo ningejisamehe. Kubashiri bei kunawashinda hata wenye ofisi na kompyuta. Lililobaki halina utetezi.

Mwishoni mwa 2016 nilinunua magunia 60 ya kilo mia mia, kwa shilingi 1,000 kilo: milioni 6, na milioni 4 kati ya hizo zilikuwa za mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Machi 2017 dalali akanipa bei ya 650. Nikakataa. Nilimwambia siwezi kuuza chini ya nilichonunulia, na nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua biashara.

Shilingi 1,000 zilikwisha kutoka mfukoni. Niuze au nisiuze, zisingerudi. Swali la siku ile lilikuwa dogo tu: je, mwezi ujao bei itaongezeka kupita gharama ya kusubiri? Riba ilikuwa 120,000, ghala 30,000. Ukigawa kwa kilo 6,000 unapata shilingi 25. Kwa hiyo kila mwezi bei ilipaswa kupanda kwa 25 ili nibaki pale pale, nayo ilikuwa inashuka. Hesabu hii niliifanya usiku ule ule, kwa penseli, ikanipa jibu. Nikaifuta.

Niliuza Oktoba kwa 180, achilia mbali zilizobunguliwa. Kati ya shilingi 4,920,000 zilizopotea, 2,100,000 zilikuwa zimeshaliwa na soko kufikia Machi. Hizo 2,820,000 zilizobaki ni zangu, pamoja na riba ya miezi yote ile. Siyo India.

Kuna jirani yangu, mama mtu mzima, aliyekuwa na magunia manne ya mbaazi ndani. Mwezi ule wa Machi, baada ya dalali kuondoka, alikuja.

"Mwanangu, wewe umesoma. Niuze au nisubiri?"

"Subiri, mama. Bei itarudi."

Penseli nilikuwa nimeshaishika kabla hajabisha hodi. Nilimjibu vile kwa sababu kumwambia auze kungekuwa kukiri kwamba nami nilipaswa kuuza. Muhula ulipofunguliwa akauza ng'ombe ili alipe ada ya mjukuu, na magunia yale baadaye hayakumpa hata nusu ya bei ya ng'ombe yule.

Mei 2021 India ilifungua tena milango, bei ikaanza kupata nguvu, naye akaja na swali lile lile. Nilimwuliza kwanza ada inatakiwa lini na ana deni la nani. Tukahesabu, akauza za kutosha ada, zilizosalia akasema atakaa nazo kidogo. Hasara ile ya 2017 bado anaamini ilikuwa bahati mbaya ya soko. Sijamweleza.