Kabla ya Kuifunga Fremu



Mama zetu na ndugu zetu wasomaji, kinachotundikwa ukutani hutazamwa upande mmoja tu. Aundaye fremu kwa mkono wake ndiye aonaye pande zote mbili, na katika hilo mna faida tunayopenda kuwashirikisha.

Huku Nyamache, katika milima ya Kisii, tunakoishi kwa kazi ya kusomesha, mvua ni nyingi na kuta hushika unyevu. Tulihamia na barua ya marehemu mama mkwe wetu, aliyoiandika Lamu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kumpa wasia ahali yetu alipoolewa. Baada ya msiba, shemeji yetu aliitia katika fremu ya dukani. Unyevu ukaifikia: kadibodi ya nyuma ikaota ukungu, na karatasi ikaanza kugandamana na kioo. Ahali yetu akasema kwamba maandishi ya mamake yanatoweka ilhali sote tunayatazama.

Basi tukaazimia kuunda fremu mpya nyumbani. Mbao zilikuwa za grevilea, mti upandwao mipakani mwa mashamba. Zilichongwa mfuo wa kukalia kioo, zikakatwa ncha kwa pembe ya nyuzi 45, zikapakwa gundi na kubanwa kwa kamba. Kabla gundi haijakauka, tulipima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikilingana, fremu haikwenda upande. Kisha msasa, kisha vanishi, ikaachwa siku kadhaa mpaka harufu ikaisha, kwani mvuke wake ukifungiwa ndani hudhuru karatasi.

Binti yetu alipoitoa barua katika fremu ya zamani, aliigeuza. Nyuma palikuwa na hesabu kwa penseli, kwa mkono uleule. Madeni yote yalikuwa yamepigwa mstari isipokuwa moja: shilingi 200 za jirani mshonaji.

Nyumba ikanyamaza. Sote tunajua uzito wa deni la maiti: hulipwa kabla ya wasia kutekelezwa na kabla ya mirathi kugawanywa. Mirathi ilikwisha kugawanywa miaka mingi, na deni lilikuwa limening'inia ukutani, likiwa limefichwa na kadibodi.

Tuliwapigia jamaa wa Lamu. Mshonaji naye ametangulia mbele ya haki, lakini bintiye yu hai. Kwanza alisema amesamehe. Ahali yetu akamsihi apokee, mamake apumzike. Tukapeleka zile 200 kuwa deni, na juu yake zawadi, maana shilingi ya leo si ile ya wakati ule. Akapokea, akawaombea dua marehemu wote wawili.

Hapo ndipo tulipofunga. Kwanza tulinakili pande zote mbili katika daftari. Kioo kikasafishwa na kukaushwa. Kandokando tukaweka vipande vya kadi nene ili barua isiguse kioo. Ikafuata kadi safi, ubao mwembamba wa nyuma na misumari midogo, kisha karatasi ya kaki ikabandikwa juu ya mgongo wote kuzuia vumbi na wadudu. Katika pembe za chini tukatia vipande viwili vya mpira ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, tukaitundika kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na mvua.

Juu ya ile karatasi ya kaki, binti yetu ameandika barua ni ya nani, na kwamba deni lililo nyuma yake limelipwa.

Nyumba nyingi za pwani zina karatasi kama hizi, ndani ya misahafu, masandukuni na ukutani. Tunawausia wenye nazo wazigeuze na kuzisoma, maadamu wangalipo wazee wawezao kueleza majina yaliyomo.

Wabillahi tawfiq.